Rili ya zamani au ya sasa? Namna ya kulinganisha beitikasta mbili, mezani na majini

Kila mvuvi wa mshipi niliyekaa naye ana rili moja, ile mashine ya kukunjia mshipi kwenye fimbo, anayoiapia. Mmoja ana ile ya mviringo, nzito kama jiwe, aliyorithi. Mwingine ana mpya, bapa, nyeusi, haijazi hata kiganja, na habari ya vyuma vya zamani hataki kuisikia. Ukiwauliza sababu, wa kwanza atasema zamani walikuwa wanatengeneza vitu, wa pili ataanza kukuhesabia beringi. Hakuna jibu hapo la kumsaidia mtu mwenye rili mbili mezani anayetaka kujua aifunge ipi kwenye fimbo kesho alfajiri.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo, kwa rili za aina ya beitikasta: zile zinazokaa juu ya fimbo, na spuli yake, yaani kigurudumu kinachokunjiwa mshipi, huzunguka unapotupa. Andaa rili zako mbili, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, mizani ya ndoano ya kupimia samaki, tepu ya kupimia, bisibisi, oili nyepesi, grisi kidogo, na machubwi ya gramu 5, 7, 10 na 18. Ninakoelekea nakwambia mapema: tofauti kubwa ya vizazi hivi iko kwenye spuli na breki yake, nayo hujitokeza ukitupa chambo chepesi. Kwenye chambo kizito inapungua mpaka uitafute kwa tochi.

Hatua ya 1: Jua rili uliyoshika ni ya lini

Neno "zamani" ni pana mno kwenye mitambo hii. Rili ambayo spuli yake huzunguka mara kadhaa kwa mzunguko mmoja wa mkono wa kuizungushia ilishatengenezwa Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa sana kwa kazi hiyo ni fundi saa aitwaye George Snyder. Si ajabu alikuwa fundi saa; fungua rili yoyote ya aina hii uone jinsi ilivyo ndugu wa saa. Mwishoni mwa karne hiyohiyo William Shakespeare Jr. wa Kalamazoo, Michigan (hahusiani na tamthilia), akaleta kile kidude kinachotembea kushoto na kulia mbele ya spuli ili mshipi ujipange wenyewe. Kabla yake mvuvi aliupanga kwa kidole.

Rili nyingi ambazo watu huita za zamani leo zinatokana na familia ya Ambassadeur, iliyoanza miaka ya 1950 kule Svängsta, Uswidi, kwenye kiwanda cha ABU. Zina umbo la mviringo, mwili wa chuma, na spuli inayoachiwa huru ili mkono usizunguke wakati wa kutupa. Zilipotoka hilo lilikuwa jambo kubwa: mikono ya rili za awali iliwahi kuwagonga wengi vidole.

Miaka ya 1970 Lew Childre wa Marekani na kiwanda cha Shimano cha Japani wakaanza kuzishusha rili hizi zikae chini karibu na fimbo, na mwaka 1978 Shimano wakatoa rili yao wenyewe, Bantam. Miaka ya 1980 Daiwa, kampuni nyingine ya Japani, wakaingiza sumaku kwenye breki. Baadaye zikaja beringi za upande mmoja zinazozuia mkono usirudi nyuma hata kidogo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 breki za kompyuta, halafu spuli nyembamba na gia zenye meno madogo.

Mimi nazigawa mafungu matatu: za mviringo za kabla ya miaka ya 1980, bapa za mwanzo mpaka karibu na mwaka 2000, na bapa za sasa, kuanzia kama 2010. Fungu la katikati ndilo linalowachanganya watu. Lina umbo la leo na spuli ya jana.

Kuhusu kutambua umri, Ambassadeur nyingi zina namba chini ya mguu, pale panapokaa kwenye fimbo. Tarakimu mbili za kwanza ni mwaka na mbili zinazofuata ni mwezi. Ukisoma 7603 mwanzoni mwa namba hiyo, umeshika rili ya Machi 1976. Kwa Shimano usiliamini jina peke yake. Rili yao iitwayo Curado ipo tangu miaka ya 1990, na kila baada ya miaka michache jina hilohilo limevaa rili nyingine kabisa; herufi ya mwisho ndiyo inayokwambia ni kizazi gani. Namba nazo zina maneno yake: 200 ni ya mkono wa kulia, 201 ya kushoto, na ABU wana mtindo huohuo, 5500 na 5501. Nimewahi kuona mtu akilinganisha "Curado na Curado" jioni nzima huku moja ikiwa na umri wa kuitwa mama wa nyingine.

Hatua ya 2: Zisafishe zote mbili kabla hujasema neno

Hapa ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika, na wangu wa kwanza uliharibika hapahapa. Nilikuwa na rili ya mviringo iliyokaa kabatini miaka mingi. Nikanunua mpya, nikazitupa zote mbili asubuhi moja, ya zamani ikapata nusu ya umbali. Nikaitangaza imekufa. Miezi baadaye nilipoifungua kwa udadisi tu, nilikuta grisi ya kwenye gia imegeuka nta ya rangi ya asali na imepanda mpaka kwenye beringi za spuli. Nikaiosha, nikaweka tone moja la oili kila upande, nikarudi majini. Chubwi la gramu 18 likafika karibu kabisa na lilipofika la rili mpya. Nilikuwa nimelinganisha uchafu na usafi, nikadhani nimelinganisha vizazi.

Basi fungua ubavu, toa spuli, toa beringi zake mbili. Zioshe kwa petroli nyepesi ya viberiti, ziache zikauke, kisha weka tone moja tu la oili nyepesi kwa kila beringi. Mawili ni mengi. Gia zipake grisi kwa brashi, safu nyembamba inayoonyesha rangi ya shaba chini yake. Pete inayosuguliwa na breki iache safi. Ile beringi ya upande mmoja kwenye shimo la mkono usiijaze grisi hata kama inaonekana kukauka. Ikilowa sana huteleza, na mkono unarudi nyuma ghafla wakati unamgongea samaki ndoano.

Kama rili yako ni ya breki ya kompyuta, usiitumbukize kwenye kimiminika chochote cha kusafishia. Futa kwa kitambaa, oili kwenye beringi, basi.

Rili mpya nayo ifungue. Viwandani huwa wanapaka kwa kukadiria, na nimekuta rili ya dukani yenye grisi nyingi kuliko ya kwangu ya kabatini.

Hatua ya 3: Pima spuli

Hatua hii ipe muda.

Ukitupa chambo, kinachoanzisha mwendo wa spuli ni chambo chenyewe. Kile kitu kidogo cha gramu chache kinapaswa kukiamsha kipande cha chuma kilicholala, pamoja na mshipi wote uliozungushwa juu yake. Spuli nzito inachelewa kuamka, na ikishaamka inachelewa kusimama. Kuchelewa kuamka kunakupunguzia umbali. Kuchelewa kusimama ndiko kunakoleta msokotano: chambo kimeshapunguza mwendo hewani, spuli bado inakimbia, inatema mshipi usio na pa kwenda, na unabaki na kichwa cha mtu aliyeamka bila kuchana nywele.

Weka spuli tupu kwenye mizani. Za mviringo za zamani mara nyingi husoma gramu ishirini na kitu. Za sasa za ukubwa wa kawaida huwa kati ya 10 na 15, na zile zilizotengenezwa mahsusi kwa vyambo vidogo hushuka chini ya 10. Kisha pima kipenyo cha spuli ikiwa imejaa, kwa sababu uzito ulio mbali na kitovu ni mgumu kuzungusha: umbali ukiongezeka mara mbili, ugumu unaongezeka mara nne. Tuseme ya zamani ina gramu 22 na kipenyo cha milimita 38, ya sasa gramu 12 na milimita 34. Ukizidisha uzito kwa kipenyo na kipenyo tena, ya zamani ni zaidi ya mara mbili kwa ugumu wa kuamsha. Huu ni ukadiriaji tu wa spuli tupu, lakini unaeleza kwa nini chubwi la gramu 5 linaanguka miguuni pako.

Sasa ongeza mshipi, maana watu husahau kwamba nao una uzito. Mita 100 za nailoni ya unene wa milimita 0.33 ni karibu gramu 10. Yaani umenunua spuli ya gramu 12 kwa sababu ni nyepesi, halafu ukaivisha koti lenye uzito unaokaribia wa kwake. Rili za zamani zilikuwa na spuli zenye kina, na mtu akijaza mita 200 anabeba gramu 20 za mshipi ambao nusu yake hautaona maji kamwe. Mshipi wa kusuka ni mwembamba na mwepesi zaidi kwa nguvu ileile, ingawa ukilowa hubeba maji.

Kutokana na hapo kuna marekebisho ya bure kwa rili ya zamani. Hakikisha unapotupa kwa nguvu zako zote unatumia mita ngapi, ongeza nusu yake kwa ajili ya samaki, na weka kiasi hicho tu. Nilipoiwekea yangu mita 80 badala ya kuijaza, gramu 10 ikawa inatupika bila kugombana.

Neno moja kuhusu lile jaribio la kupiga spuli kwa kidole na kuhesabu sekunde inazozunguka. Lifanye kama unapenda sauti yake. Beringi kavu isiyo na oili huzunguka muda mrefu sana, kisha inakufa mapema, na spuli nzito huzunguka muda mrefu kuliko nyepesi kwa sababu ileile inayoifanya iwe mbaya kwa chambo kidogo.

Hatua ya 4: Angalia breki, na namna unavyoifikia

Fungua ubavu uone breki ya spuli. Kwenye rili ya mviringo ya zamani utakuta vipande vidogo, aghalabu viwili, vilivyovaa kwenye vijiti. Spuli ikikimbia vinasukumwa nje na kusugua pete. Ni breki nzuri: inauma mwanzoni wakati mwendo ni mkali na inaachia yenyewe mwendo ukipungua. Tatizo lake ni kwamba ukitaka kuibadilisha lazima ufungue rili, uchomoe kipande kidogo kuliko punje ya dengu, na usikidondoshe. Juu ya mashua, kwenye upepo, hakuna anayefanya hivyo. Watu wanakaza tu ile nati ndogo ya pembeni inayobana ekseli ya spuli, na kubana ekseli kunaua umbali kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa mrusho.

Rili za sasa zilizobaki na mtindo huu mara nyingi zina vipande vingi zaidi, na baadhi zina kitufe cha kuzungusha nje. Upepo ukibadilika unageuza nusu zamu, umemaliza. Kwangu mimi kitufe hicho cha nje ni maendeleo makubwa kuliko beringi zote walizowahi kuongeza.

Breki ya sumaku haigusi kitu. Spuli ya aluminiamu inapozunguka karibu na sumaku inazuiwa, na inazuiwa zaidi kadiri inavyokwenda kasi. Kwenye rili za mwanzo sumaku zilikaa mahali pamoja kwa kiwango ulichochagua, kwa hiyo zilishika mpaka mwisho wa mrusho na kula mita chache za mwisho. Baadhi ya za sasa zina kikombe kidogo kinachosogea kuingia kwenye sumaku spuli inapokimbia na kurudi inapotulia. Ili kujua unayo ipi, toa spuli uangalie ubavuni mwake: kama kuna kipande kinachovutika kwa ukucha na kurudishwa na springi, ni ya mtindo mpya.

Breki ya kompyuta inasoma mwendo wa spuli na kukata kasi yenyewe, tena bila betri, kwani umeme wake hutoka kwenye mzunguko wa spuli. Utaitambua kwa mlio wake mwembamba wakati wa kutupa. Kwa anayejifunza, au anayevua usiku asikoona chambo kikitua, inasaidia kweli. Aliyezoea kushika spuli kwa kidole gumba haitamwongezea mengi.

Hatua ya 5: Hesabu gia kwa mkono wako

Usisome ubavuni, pima. Bandika kipande cha tepu kwenye ukingo wa spuli, zungusha mkono mara moja kamili, hesabu tepu imepita mara ngapi. Za zamani hutoa kati ya tatu na nusu na tano na kitu. Za sasa huanzia tano, nyingi zikiwa sita mpaka nane, na zipo zinazofika kumi.

Lakini namba hiyo pekee haikwambii mshipi unaingia kiasi gani, kwa sababu spuli hazilingani. Chukua kipenyo cha spuli iliyojaa, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa idadi ya mizunguko. Spuli ya milimita 38 kwenye gia ya 4.7 inavuta sentimita 56. Ya milimita 34 kwenye gia ya 7.4 inavuta sentimita 79. Mshipi ukipungua mpaka kipenyo kibaki 28, ile ya haraka inavuta 65 tu. Samaki akikimbia mbali, rili yako "ya kasi" imeshageuka ya wastani.

Kasi ina gharama, nayo ni mkono. Chambo cha kuzama kinachotetemeka sana, ukikivuta kwa gia ya nane, ifikapo saa tano asubuhi kifundo cha mkono kinaanza kulalamika. Hapo ya zamani ya gia ya 4.7 inakokota kama trekta, tena inakulazimisha kwenda polepole, jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi kwa hiari. Kwa chambo unachokichezesha kwa fimbo na kuvuta mshipi uliolegea, chagua ya kasi bila kufikiri.

Zungusha pia ukiwa umefumba macho. Gia za sasa zenye meno madogo mengi zinateleza kama siagi kwa sababu meno mengi zaidi yanashikana kwa wakati mmoja. Za zamani utazisikia kidogo kwenye vidole hata zikiwa salama. Mchanga ukiingia, meno makubwa ya shaba huvumilia na madogo hukwaruzika mapema.

Mwisho wa hatua hii, shika mkono wa rili na ujaribu kuurudisha nyuma. Mpya haitasogea kabisa. Ya zamani itasogea kidogo kisha igonge, kwa kuwa inazuiwa na meno na kikwamizo. Ule mchezo mdogo si ubovu, ndivyo ilivyoundwa, ila utausikia kila unapomgongea samaki.

Hatua ya 6: Pima dragi kwa mizani

Dragi ni ile nyota iliyo chini ya mkono, inayoamua samaki avute kwa nguvu gani ndipo mshipi uanze kutoka. Funga mshipi kwenye mizani ya ndoano, kaza nyota mpaka mizani isome robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi wako. Kwa mshipi wa kilo 6, yaani kilo moja na nusu mpaka mbili. Sasa vuta taratibu, macho yakiwa kwenye mshale. Tazama mambo mawili: namba inayohitajika kuianzisha, na namba inayosoma ikishaanza kutoka. Zikikaribiana, dragi ni nzuri. Ikianza kwenye 2.4 kisha ikashuka ghafla mpaka 1.7, huo mruko ndio unaokata mishipi, hasa ya kusuka isiyovutika.

Rili nyingi za zamani zilikuwa na washa za ngozi au nyuzinyuzi, ambazo zikikauka hukwama. Za sasa hutumia kaboni. Habari njema ni kwamba kwa modeli zilizotengenezwa kwa wingi, washa za kaboni za saizi yake hupatikana, na kuzibadilisha ni kazi ya nusu saa na bisibisi. Ukifanya hivyo, katika hatua hii vizazi vinatoka sare.

Hatua ya 7: Mshipi wenyewe

Fupi. Rili za kabla ya miaka ya 1990 zilibuniwa kwa ajili ya nailoni nene. Ukiweka mshipi mwembamba wa kusuka, angalia nafasi kati ya ukingo wa spuli na mwili wa rili. Ikiwa pana hata kidogo tu, mshipi hupenya nyuma ya spuli na kuzunguka ekseli, na utaifungua rili nzima kuutoa. Vilevile anza na raundi chache za nailoni chini, ili wa kusuka usiteleze wote kwa pamoja juu ya spuli.

Tundu la kupitishia mshipi pia limebadilika. La zamani ni dogo, na mshipi unapotoka pembeni mwa spuli unapinda kwa pembe kali na kusuguana. Baadhi ya Daiwa za sasa zina tundu lenye umbo la herufi T linalojigeuza: upande mpana wakati wa kutupa, upande mwembamba wakati wa kukusanya.

Hatua ya 8: Majini

Fimbo moja, mshipi wa aina na urefu uleule, siku moja. Ukibadilisha fimbo, umelinganisha fimbo.

Rekebisha nati ya ekseli kwanza: achia spuli, acha chubwi lishuke lenyewe taratibu, na likigusa chini spuli isimame bila kuongeza zaidi ya zamu moja hivi. Rudia kila unapobadilisha uzito. Kisha tupa mara kumi kwa kila chubwi, upepo ukiwa mgongoni, na mara kumi upepo ukiwa usoni. Andika namba tatu: umbali wa kawaida (usiandike ule wa ajabu uliotokea mara moja), misokotano mingapi, na ulilazimika kugusa spuli kwa kidole mara ngapi kabla chambo hakijatua.

Ukiwa na ya mviringo iliyosafishwa dhidi ya bapa ya sasa, utakachokiona kinafanana sana na hiki. Kwa gramu 18 zinakaribiana, wakati mwingine ile nzito ikiwahi mita moja mbili, kwa kuwa spuli yake ikishashika mwendo haiachi kirahisi. Kwa gramu 10 ya sasa inaanza kujitenga. Kwa gramu 7 unahitaji kidole chenye uzoefu kwenye ya zamani. Kwa gramu 5 iweke chini, usijitese. Upepo wa usoni unaongeza tofauti kwenye kila uzito, na hapo ndipo kile kitufe cha nje kinapojilipa.

Baada ya hapo vua nazo kweli, saa mbili kila moja, bila kupima chochote. Kuna mambo ambayo mizani haiyaoni. Rili ya gramu 300 na ya gramu 200 hazitofautiani ukizishika dukani. Zinatofautiana kwenye mrusho wa mia mbili. Ya bapa inajaa kiganjani kidole gumba kikiwa juu ya spuli. Ya mviringo inakuinua kidole, na zile zenye kitufe cha kuachia spuli ubavuni zinataka ubonyeze kwa kidole kimoja kisha ukimbilie spuli kwa kingine. Mwenye mikono midogo ataamua hapo, na namba zote nilizokuandikisha zitamsikitikia.

Hatua ya 9: Uliza itatengenezekaje

Bonyeza ubavu wa kila rili kwa nguvu ukiwa unazungusha mkono. Mzunguko ukigeuka mzito, mwili unapinda, na chini ya samaki mkubwa gia zitaachana kidogo. Mwili wa chuma wa zamani hupita jaribio hili kwa dharau. Kati ya za sasa, aluminiamu hupita vizuri, ya plastiki yenye kaboni hutegemea unene, na magnesiamu ni ngumu na nyepesi ila ikikwaruzwa rangi kisha ikaonja maji ya chumvi huliwa haraka.

Halafu tafuta mchoro wa vipuri vya kila moja kabla hujaamua. Rili ya mviringo iliyotengenezwa kwa miongo kadhaa bila mabadiliko makubwa ina vipuri vinavyoingiliana. Pini ya kipanga mshipi, ambayo ndiyo hufa kwanza, unaitoa na kuirudisha kwa dakika moja. Bapa inayobadilishwa kizazi kila miaka michache, vipuri vyake huadimika mapema. Na ubao wa kompyuta ukifa hautengenezwi mezani kwa bisibisi.

Zangu mbili zote zina kazi. Bapa ipo kwenye fimbo nyepesi, kwa chochote kisichozidi gramu 12, na siku zote za upepo. Ya mviringo ipo kwenye fimbo nene, na mita 80 zake za nailoni, kwa vyambo vizito vya kuvuta polepole na kwa kutega chini usiku. Itakayopumzika kabatini, yoyote iwe, ilegeze nyota ya dragi kabisa kabla ya kuiweka, washa zisije zikagandamana, na usiifungie kwenye mfuko wa plastiki ingali na unyevu.